Wenye siberi (maduka ya intaneti), acheni kufungulia wanafunzi imeli kwa namba zenu!

Ndugu wa Lubumbashi, hii tabia imetuchosha. Mtoto anaingia siberi, kwenye komini ya Kenya au Kamalondo hapa mjini, diploma yake ya Leta (ya serikali, ya kumaliza sekondari) mkononi, anaomba chuo Ubelgiji au China. Mnamfungulia imeli kwa namba ya simu YENU na neno la siri mnalolijua nyinyi tu. Miezi inapita, chuo kinaandika: tuma pasipoti ndani ya siku 10. Barua inaangukia kwenu. Akija kuuliza, "lipa kwanza". Huo ni wizi, tusizunguke.

Wazazi, kama imeli imeshafunguliwa hivyo, kubadilisha neno la siri peke yake hakutoshi. Toeni kwanza namba ya mwenye siberi iliyowekwa ya kurudishia akaunti, na imeli ya akiba kama ipo. Namba ya uthibitisho huenda ikatumwa kwenye laini yao, kwa hiyo fanyieni pale pale kaunta, mwenye siberi simu mkononi. Halafu neno jipya la siri, halafu toeni kwenye akaunti simu na kompyuta nyingine zote zilizobaki zimeingia. Mwisho tazameni kwenye mipangilio kama kuna amri ya kupeleka nakala za barua kwenye anwani nyingine. Wajanja wanajificha hapo, na karibu hakuna anayepaangalia.

Skani nazo! Diploma inapigwa picha kwa simu, kivuli cha kidole kimelala juu ya muhuri, eti "itapita". Wenye mashine nao wanaiacha kwenye nukta 600 kwa inchi, rangi kamili: faili linakuwa zito mno, tovuti inalikataa, au linakwama njiani mtandao ukilegea jioni. Nukta 150 au 200 zinasomeka vizuri. PDF moja, mbele na nyuma.

Barua ya mwalimu ya kumpendekeza mwanafunzi ndiyo aibu kubwa. Vyuo vingi vinatuma kiungo cha kuijaza moja kwa moja kwa mwalimu. Nyinyi mnabuni imeli ya mwalimu, mnajijazia wenyewe, wanafunzi kumi maneno yale yale. Maombi yakitupwa, jina linalochafuka si lenu.

Na saa je? Mwisho wa kutuma maombi ukiwa 23:59 ya Beijing, hapa kwetu ni 17:59. Mnamwambia mtoto "rudi usiku, umeme utakuwa umewaka". Usiku tovuti imeshafungwa, na pesa ya skani mmeshakula.