Tupeane uzoefu: fudi prosesa ya nyumbani, ipi imekufaa na ipi imekutoa jasho?

Mama Tabata
Habari za jioni wakuu. Mwezi mtukufu unakaribia na kwangu sambusa na katlesi ni za kila siku, mkono wa kukatakata vitunguu sina tena. Kariakoo nimezunguka, naonyeshwa maboksi tu, kila muuzaji yake ndiyo kiboko. Wenye fudi prosesa nyumbani, siyo blenda, mwageni uzoefu. Familia kubwa, jiko dogo.

Mzee wa Feri
Hiyo kitu na blenda tofauti yake nini? Au jina la kupandishia bei?

Kijiko Kikubwa
Tofauti ipo mzee wangu. Blenda bila maji haisagi, vitunguu vinaning'inia juu kisu kinazunguka peke yake. Ukitia maji unapata uji wa vitunguu, ukiutupa kwenye mafuta unachemka badala ya kukaangika. Fudi prosesa bakuli lake pana, kisu kimelala chini kabisa, kinakata vikavu. Halafu ina visahani vya kukwangulia karoti na kukatia kabichi. Wafaransa ndio walioitengeneza kwa ajili ya mahoteli, Robot-Coupe, za nyumbani zikafuata miaka ya 1970: kwao Magimix, Marekani Cuisinart. Ila juisi usitengenezee humo. Maji yakizidi mstari uliochorwa kwenye bakuli yanapita tundu la katikati, safari yao ni kwenye mota.

Binti Kinondoni
Hapo kwenye mota nimeshuhudia kwa jirani. Kaunta nzima ukwaju.

bibi_kinu
Kinu na mchi havina waranti na havijawahi kuungua. Endeleeni tu.

Chalii wa Sinza
Shikamoo bibi. Ila tuseme ukweli, anayetwanga ni wewe au dada wa kazi?

bibi_kinu
Marahaba. Natwanga mwenyewe, njoo uone. Kisamvu cha mashine kinakatwakatwa tu, hakipondeki, ukila unatafuna nyuzi.

Fundi Mota
Nichangie kama fundi, hizi mashine zinaletwa sana mezani kwangu mtaa wa Gerezani na ugonjwa wao ni ule ule. Mtu anaiwasha anaiacha inaunguruma huku anaongea na simu. Kitabu cha nyingi kinataka dakika moja hivi, kisha ipumzike. Mota ya wati 500 ukiitia unga wa chapati kilo nzima, inazidiwa, unasikia harufu ya vanishi ya koili. Ukiisikia zima, usiseme "kidogo tena". Nyingine zina swichi ya joto, zinajizima zenyewe. Watu wanapanda daladala wanazileta, mpaka wafike imeshapoa, naichomeka inawaka. Hela ya kuangalia nachukua hata hivyo.

Kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya mota, zikiisha zinabadilishwa, siyo msiba. Msiba ni mfuniko. Una kimdomo kidogo pembeni kinachobonyeza swichi, kikivunjika mashine haiwaki, na mfuniko peke yake madukani hauonekani kirahisi. Nimeshaletewa moja imeshindiliwa njiti ya kiberiti kwenye hiyo swichi ili iwake bila mfuniko. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: bakuli na mfuniko wa akiba unavyo? Akianza kukuonyesha rangi nyingine, ondoka. Na wati usisome kwenye boksi, pindua mashine usome kibandiko cha chini.

Binti Kinondoni
Na risiti ya EFD udai, bila hiyo waranti ni hadithi.

Mpangaji Mstaafu
Hamsemi kuwa inakula umeme. Tulikuwa tunachangia luku, nilivyoleta hiyo kitu wapangaji wenzangu wakaniitia kikao.

Kijiko Kikubwa
Mkuu, mashine ya wati 800 ili imalize uniti moja inatakiwa izunguke dakika 75. Nani anasaga vitunguu dakika 75?

Mpangaji Mstaafu
Mahesabu peleka shule. Mimi naongelea kikao kilichokaa.

Chalii wa Sinza
Kilichowala ni pasi, mkuu.

Nyota ya Mbezi
Jamani mmenikumbusha Idi moja ukweni, sijui nicheke au nilie. Wifi yangu mkubwa yuko Marekani, alimletea mama fudi prosesa ya maana, nzito, bakuli unaweza kuogeshea mtoto. Ilikaa kabatini imefunikwa kitambaa. Siku ya Idi nyumba imejaa, tuko jikoni tunamenya vitunguu, wifi mdogo akaja nayo: "Mnajitesa nini, mashine ipo." Nikaangalia plagi, miguu miwili bapa. Nikapindua, kibandiko kimeandika 120V. Nikasema jamani hii ni ya umeme wa kwao, wetu ni 230, itaungua. Wifi akanijibu mbele ya mashangazi: "Linakuuma kwa sababu hukuletewa wewe."

Nikanyamaza. Adapta ikatolewa, nyama na vitunguu ndani, mfuniko ukafungwa klak. Ile sauti sijaisikia tena maishani, ilipiga yowe. Mara pwaa! Cheche, moshi mweupe kutoka chini, nyumba nzima giza. Mama mkwe akatoka chumbani na kanga moja, kabeba sanduku lake la vyombo vya udongo, anapiga kelele tutoe watoto. Kumbe hakuna moto, ni moshi tu. Baba mkwe akasimama mlangoni akauliza, "Nani kachomeka?" Wifi akaninyooshea kidole MIMI.

Binti Kinondoni
Weeee! Halafu?

Mzee wa Feri
Mume wako alisemaje?

Nyota ya Mbezi
Alisema alikuwa barazani.

Chalii wa Sinza
Mume wa barazani 😂😂 uzi umeshatekwa huu.

Wifi Mtu
Samahani dada, ulijua itaungua ukakaa kimya? Mngeweza kuunguza nyumba. Mawifi tunasingiziwa kila kitu.

Nyota ya Mbezi
Kimya wapi? Soma tena. Nilisema, nikatukanwa.

Wifi Mtu
Ungechomoa.

bibi_kinu
Angechomoa angesemwa mpaka Idi ya pili. Mwache.

Fundi Mota
Watu waelewe, adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme haiushushi. Mashine ya 120 inataka transfoma ya kushushia, na wati za transfoma ziwe juu ya wati za mashine. Bei ukijumlisha, bora ununue ya hapa.

Mama Tabata
Poleni kwa yote, lakini mimi sambusa zangu?

Binti Kinondoni
Chukua chopa ndogo ya bakuli la kioo, mwaya. Vitunguu, saumu, tangawizi, pilipili, unasuuza unaweka rafu.

Kijiko Kikubwa
Kwa familia kubwa chopa utajaza na kumwaga mpaka adhana. Chukua bakuli la lita mbili kwenda juu, wati 800. Bonyeza-achia, bonyeza-achia, usiiachie izunguke, vitunguu vitatoa maji na manda zitalowa.

Mzee wa Feri
Nyama sagisha buchani, vitunguu mpe mwanao mkubwa. Umemaliza bila kununua kitu.

Wifi Mtu
Bizari inatia bakuli rangi ya njano, liweke juani inapungua. Na kisu usikitumbukize kwenye beseni la mapovu na vyombo vingine, hakionekani humo. Dada wa kazi wa rafiki yangu alishonwa.

Mama Tabata
Na nazi je, inakuna?

Kijiko Kikubwa
Inasaga vizuri, katakata vipande vidogo.

bibi_kinu
Inasaga na ile ngozi nyeusi, tui linakuwa kijivu. Mbuzi.

Kijiko Kikubwa
Si unaimenya kwanza bibi!

bibi_kinu
Nikishamenya nimebakiza nini? Mbuzi.

Nyota ya Mbezi
Fundi, ile mashine bado iko kabatini kwa mama, kitambaa chake juu. Mota inasukwa?

Fundi Mota
Inasukwa, ila kwa gharama yake unapata mpya. Ilete niione. Na huyo wifi aje nayo mwenyewe, ndiye atakayelipa.