Cygnus X-1: tutajuaje kuwa ni upepo wa nyota unaoziba eksirei?

Mkesha_Anga: Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikipitia grafu za eksirei za Cygnus X-1, ile jozi iliyomo katika kundinyota la Dajaja, ambamo shimo jeusi lenye masi ya takriban Jua 21 na nyota jitu la buluu iitwayo HDE 226868 hukamilisha mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Mara kwa mara mwanga huporomoka kwa dakika chache, kisha hurudi ulivyokuwa. Wataalamu husema ni mabonge ya upepo wa nyota, yaani gesi inayopulizwa na nyota hiyo, yanayokatiza mbele yetu. Kwa nini isiwe kwamba shimo jeusi limepungukiwa na gesi ya kumeza?

Mpima_Fotoni: Shaka yako ina msingi, kwa sababu chanzo chenyewe hakitulii: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilionyesha kwamba eksirei zake hupanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Hata hivyo, usijumlishe fotoni (chembe za mwanga) zote pamoja. Zitenge zile za nishati ya kiloelektronivolti 1 hivi na zile za karibu 10, na utaona kwamba katika mianguko hiyo za kwanza hupotea kwa wingi ilhali za pili hazitikisiki sana. Gesi baridi hufyonza hivyo hasa. Angalia pia saa: mianguko hukithiri wakati shimo jeusi liko upande wa nyuma wa nyota, na kwa kuwa obiti imeinama kiasi cha kutosha nyota isilifunike kabisa, mwanga hulazimika kupenya upepo mzito ulio karibu na nyota.

Msoma_Spektra: Naongeza ushahidi ninaouamini kuliko rangi, yaani ulinganisho wa fotoni za nishati kubwa na ndogo. Spektra (mwanga uliotandazwa kwa nishati) za Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, zikigawanywa kwa viwango vya mwanga, nje ya mwanguko silikoni huonekana imenyang'anywa karibu elektroni zake zote, lakini ndani ya mwanguko hujitokeza mistari (alama za ufyonzaji katika spektra) ya silikoni na salfa zilizobakiwa na elektroni nyingi zaidi. Kiini cha bonge ni kizito kiasi cha kujikinga na eksirei. Chanzo kufifia tu kusingeleta mistari hiyo kwa ghafla namna hiyo.

Mkesha_Anga: Nashukuru. Nimezitenga bendi za nishati, nanyi mmesema kweli, isipokuwa jambo moja: katika mianguko mirefu kupita kiasi, rangi huanza kwa kuwa ngumu (nishati kubwa hutawala), kisha hupinda na kurudi kuwa laini (uwiano wa nishati ndogo huongezeka).

Mpima_Fotoni: Kipindo hicho hutokea kwa sababu bonge halizibi kila kitu. Sehemu ndogo ya eksirei hutufikia bila kufyonzwa, ama kwa kupita kando ya bonge ama kwa kutawanywa na gesi iliyo pembeni. Mwanga mkuu unapozimwa karibu wote, sehemu hiyo ndiyo inayobaki kutawala nishati ndogo. Ukiweka kizuizi kinachofunika chanzo kwa sehemu tu katika modeli yako, mstari wa rangi kwenye grafu yako utapinda vivyo hivyo.