Tupeane uzoefu: fenicha kuukuu uliyoinunua ukaigeuza ya kisasa

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Habarini za jioni wanajamvi. Nimekaa sebuleni nalitazama kabati langu la vyombo, nikaona leo tuongee jambo hili, maana kila mwezi naona watu wanatupa mbao ambazo kesho wataziota.

Mwaka juzi jirani alikuwa anahama, akaniuzia kabati la marehemu mama yake kwa 70,000. Ni yale mnayoyajua: vioo vya kusukuma juu, droo mbili katikati, milango miwili chini, taji la maua ya kuchonga, na vanishi iliyokuwa nyeusi kama lami. Mume wangu akaniuliza tunaliweka wapi. Mimi nilishajua ninachokinunua, kwa sababu nilipolisukuma halikutikisika. Nikainama, nikakwangua kidogo nyuma ya mguu pasipoonekana. Ikatokea ile kahawia yenye michirizi myekundu. Mninga mtupu, isipokuwa mgongo tu ndio plaiwudi. Nendeni Keko kwa mafundi wa fenicha mkaulize kabati la mninga la ukubwa huo linauzwaje leo, mtaelewa kwa nini usiku ule sikupata usingizi.

Nilitoa vioo na bawaba zote, nikaanza na msasa namba 80, kisha 120, nikamalizia na 240, nikifuata mkondo wa mbao. Ukipiga msasa kwa kukatisha, mikwaruzo itakuja kuonekana baada ya vanishi, na hapo huna tena la kufanya. Ilinichukua jioni nne. Fungeni pua na mdomo, vumbi la mninga linawasha na wengine linawabana kifua. Vioo vya juu sikuvirudisha, pakabaki rafu wazi. Fundi akaliondoa lile taji na kufunga miguu myembamba ya chuma, inchi sita. Nikapiga vanishi isiyo na rangi, ile isiyong'aa, mikono mitatu. Ukijumlisha na fundi, nilitumia kama 95,000 juu ya bei ya kabati.

Rangi sikupaka. Hili naomba nilisisitize: mninga, mvule au mkongo usiufunike kwa rangi nyeupe kwa sababu tu umeona picha mtandaoni. Rangi iwe ya mbao zisizo na sura.

Haya, na ninyi semeni. Mlinunua nini, mkafanyaje? Na iliyowashinda pia msiifiche.

Mama Mapacha, Tanga

Mimi ni miguu ya cherehani. Bibi alikuwa na Singer ya kukanyaga, kichwa kilishakufa miaka mingi, na mjomba alitaka kuiuza chuma chakavu kwa kilo. Nikamwambia mjomba, nipe mimi. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya siku mbili nzima, nikapiga rangi ya kuzuia kutu kisha nyeusi. Juu nikaweka ubao wa mtiki. Huku kwetu una shamba lake kubwa Longuza, Muheza, na mafundi hawakosi vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu.

Sasa ni meza ya kusomea ya wanangu. Kikanyagio bado kinacheza, wanasoma huku wanakisukuma kwa miguu. Bibi alipokuja kututembelea alikaa pale akakanyaga kidogo, hakusema kitu.

Mdau wa Nairobi

Nianze na iliyonishinda. Nilinunua stendi ya TV, ilikuwa inapendeza kwa macho. Kumbe ni ile mbao ya vumbi lililogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi. Nikaipiga msasa, karatasi ikatoboka. Nikapaka rangi ya maji, kufikia asubuhi pembe zimefura kama mkate. Hiyo ukitaka kuipaka, paka kwanza rangi ya msingi ya mafuta, na usiiloweshe hata kidogo. Afadhali hata usiinunue.

Iliyofaulu ni sofa ya wazazi, ile ya mikono mipana iliyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono tangu nikiwa mdogo. Nilipoenda kuuliza mafundi wa Ngong Road, mmoja aliibonyeza pembeni akaniambia fremu ni mbao ngumu, nisinunue nyingine. Alitoa kitambaa chote, akabadilisha lastiki na sponji, akapunguza unene wa mikono, akainua miguu. Kitambaa nikachagua kijani kizito bila maua. Vitambaa vya mama sikuvitupa. Viwili nimevitia kwenye fremu ya picha ukutani, juu ya sofa hiyohiyo.

Bi wa Unguja

Wanangu, mmefanya vizuri, lakini naomba niseme neno. Nilimwona kijana hapa Mjini amekata kitanda cha besera, kile cha kale cha Kizanzibari, akakifanya benchi la barazani. Nguzo zilizochongwa, vioo vilivyochorwa kwa nyuma, vyote msumeno umepita. Kitu kama kile hakina mbadala. Kabati la juzijuzi lifanyeni mpendavyo. Lakini kitanda cha besera, kiti cha enzi, kasha lililopambwa kwa njumu za shaba, hivyo vifuteni vumbi, mtafute fundi wa kukaza maungio, basi. Mkiwa na shaka, ulizeni wazee kabla ya kushika msumeno.

Mwanzisha mada

Shikamoo Bi. Nimekusikia, na ahsante. Ningeomba kila anayesoma uzi huu asiuruke ujumbe wako.

Niko Uingereza

Kwa walio huku: sofa ikiwa haina ile lebo iliyoshonwa ya kuonyesha inakidhi kanuni za usalama wa moto, maduka ya hisani yanayouza vitu vilivyotumika hayaipokei, ni sheria ya mwaka 1988. Kwa hiyo msiikate lebo hiyo. Makabati na meza hayana shida hiyo, na watu huyatoa bure yakiwa mazima kabisa.

Mgeni wa jukwaa

Samahanini wakubwa. Nimenunua dresingi tebo wiki iliyopita, nzuri mno, ila ina vitundu vidogo miguuni na kila asubuhi chini nakuta ungaunga kama wa sembe. Iko chumbani kwa mtoto. Nipake tu vanishi?

Fundi wa Buguruni

Hapana dada, usipake kitu. Huo unga mpya kila asubuhi maana yake bungua wako hai ndani wanakula, na vanishi haiwafikii. Itoe chumbani leo, usiilaze karibu na mbao nyingine. Nunua dawa ya wadudu wa mbao, chukua bomba la sindano, ingiza tundu kwa tundu mpaka itoke upande wa pili, kisha uifunge kwa nailoni siku kadhaa. Ukiifungua, weka karatasi nyeupe chini yake. Karatasi ikikaa safi wiki tatu, ndipo uanze msasa. Mguu ulioliwa ndani ukawa mwepesi, badilisha mguu.

Na jambo jingine, kwa kuwa una mtoto: ikiwa imepakwa rangi ya mafuta ya zamani, usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Tumia msasa wa maji, fanyia kazi nje, mtoto akiwa mbali, na nguo ulizofanyia kazi uzifue peke yake.

Mgeni wa jukwaa

Ahsante sana kaka. Nimeshaitoa, iko uani chini ya turubai. Kesho nafuata dawa na sindano.