Naomba ushauri: tufunge mzigo gani kwa safari ya meli ya siku 18, Mombasa hadi Port Louis, mwezi wa Januari?

Mwalimu Mstaafu, Mombasa

Assalam aleikum, na salamu kwa wanajamvi wote. Mimi na mume wangu tumestaafu, yeye ana miaka 68 nami nina 63, na watoto wetu wamechanga wakatulipia safari ya meli ya kitalii itakayong'oa nanga Mombasa katikati ya Januari. Meli itapita Unguja, kisha Mahé na Praslin huko Shelisheli, halafu Nosy Be na Toamasina nchini Madagaska, kisha Réunion, na safari itaishia Port Louis, Morisi. Kutoka huko tutarudi kwa ndege, na kila mmoja wetu ameruhusiwa kilo 23.

Jirani yetu ametuambia tufunge mzigo kama watu wanaokwenda Diani kwa wiki mbili, kwa kuwa visiwa vyote hivyo ni vya joto na Januari ni kaskazi, bahari imelala. Ningependa kumwamini, lakini kila nikifungua ramani naona kwamba Port Louis iko mbali sana kusini, na sijui kama hali ya hewa ya hapa kwetu inatufuata hadi huko. Jambo la pili linalonitia wasiwasi ni tumbo langu. Mwaka mmoja nilivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja mwezi wa Julai, nikatapika tangu tulipotoka bandarini hadi tulipofunga gati. Mume wangu naye anatumia dawa za shinikizo la damu kila siku. Mimi huvaa nguo ndefu na kujifunika, kwa hiyo ushauri wa kaptura na fulana hautanifaa. Naomba mwenye ujuzi wa njia hiyo anisaidie.

Baharia wa Zamani, Tanga

Waalaikum salaam, Mwalimu, na hongera kwa kuzaa watoto wenye shukrani. Nimefanya kazi melini miaka mingi, na sehemu kubwa ilikuwa katika njia hizo hizo za visiwani.

Jirani yako amesema kweli kuhusu siku mbili tatu za mwanzo tu. Kaskazi mnayoijua hapo Mombasa, ile ya jua kali na maji yaliyotulia, haiendelei hivyo hivyo mpaka Morisi. Upepo huo ukishavuka ikweta hujipinda, ukawa unavuma kutoka kaskazini magharibi, na huko mbele hukutana na upepo wa kusini mashariki, ambao upande wa Morisi ndio unaotawala karibu mwaka mzima. Pale pepo mbili zinapokutana, hewa yenye unyevu hupanda na kugeuka mawingu mazito, na mwezi wa Januari ukanda huo wa mvua huwa umeshuka hadi maeneo ya kaskazini mwa Bukini, kama wazee wetu walivyoiita Madagaska. Ndiyo maana mwezi ambao Mombasa kwa kawaida haipati hata milimita 50 za mvua, Mahé hupata karibu milimita 400. Mara nyingi mvua ya Mahé hushuka kwa kishindo, ikakatika, na jua likawaka juu ya lami inayofuka mvuke. Lakini nimewahi pia kukaa Victoria, mji mkuu wa Shelisheli ulioko Mahé, siku tatu mfululizo bila kukiona kilele cha mlima ulio nyuma ya mji.

La pili ni vimbunga. Msimu wake katika sehemu hii ya Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na Januari na Februari ndiyo miezi mikali. Meli za kitalii huja kwetu miezi hiyo hiyo kwa sababu Ulaya ni baridi na wateja wao wanatafuta jua. Majira hayo hayakuchaguliwa kwa kuitazama bahari yetu. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayokisokota kimbunga ni dhaifu mno, kwa hiyo Unguja na Mahé huepuka mara nyingi, ijapokuwa kimbunga Hidaya kilituonyesha Mei 2024, kilipoifikia Mafia, kwamba hakuna pwani iliyopewa hakikisho. Kuanzia Nosy Be kwenda chini, mambo ni mengine. Freddy ilipita karibu na Morisi ikaipiga pwani ya mashariki ya Madagaska Februari 2023, na Belal iliijaza maji mitaa ya Port Louis Januari 2024.

Sikuelezi haya ili uogope. Kituo cha Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kilichoko Réunion hufuatilia vimbunga vya eneo hili lote, na nahodha hupata taarifa mapema, akageuza njia kabla bahari haijachafuka. Abiria hukumbana zaidi na mabadiliko ya ratiba: Toamasina inaachwa, siku mbili zinaongezeka baharini, au meli inafika mwisho wa safari ikiwa imechelewa. Kwa hiyo fungeni mzigo mkijua kwamba bandari yoyote kusini mwa Mahé inaweza kurukwa, na msinunue tiketi ya ndege ya siku ile ile ya kushuka. Pale Praslin na Nosy Be, meli kubwa hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Boti inapanda na kushuka kando ya meli, ngazi imelowa, na baharia anakushika mkono. Ukivaa kandambili hapo utateleza. Vaa viatu vya mpira vyenye mkanda wa nyuma.

Kuhusu tumbo lako, usipime safari hii kwa ile ya Julai. Julai ni kusi, upepo una nguvu na mkondo wa Unguja unachafuka, na boti ile ni nyepesi. Kutoka Mombasa hadi Mahé mwezi wa Januari huenda usisikie kitu. Mawimbi mapana utayakuta mkishaizunguka ncha ya kaskazini ya Madagaska, kwa hiyo kama bado mnaweza kuchagua chumba, chukueni cha ghorofa ya chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo kuliko mbele au nyuma.

Mama Wawili, Morisi

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkenya, ninaishi huku Morisi, na ningependa kuongeza jambo moja juu ya aliyosema Baharia: unyevu. Januari huku jua likiwa kali joto hufika nyuzi 30 na zaidi pwani, na jasho halikauki. Nguo za polista zitakutesa. Chukua madira na mabuibui ya pamba nyepesi au viskosi, hata kama yanakunjika, na uwe na ya kutosha kubadilisha mara mbili kwa siku. Unaposoma orodha za Wazungu utaona wanasisitiza kufunika ngozi kwa sababu ya jua. Hilo wewe umeshalitatua.

Usibebe mwavuli. Mvua ya huku huja na upepo, na mwavuli hugeuka ndani nje katika dakika ya kwanza. Beba koti la mvua jepesi lenye kofia, refu linalopita magoti, linaloweza kuvaliwa juu ya buibui. Pia mjue kwamba onyo la kimbunga huku hutolewa kwa madaraja, la kwanza hadi la nne, na likishapanda hadi la tatu maduka na usafiri husimama. Mkishuka melini mkiwa na siku mbili za hoteli kabla ya ndege, chukueni biskuti, maji na tochi ndogo chumbani. Mwaka wa Belal maji yalipanda Port Louis haraka kuliko watu walivyoweza kuondoa magari yao, na familia yangu ilikuwa miongoni mwa walioshuka garini wakatembea ndani ya maji yaliyofika kiunoni. Tangu siku hiyo pasipoti zetu hukaa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na nanyi nawasihi mfanye hivyo.

Mifuko ya kawaida ya plastiki ya kubebea vitu acheni nyumbani. Kenya imeipiga marufuku tangu 2017, Tanzania bara tangu 2019, na huku pia hairuhusiwi.

Mfamasia, Arusha

Mwalimu, naomba nijikite kwenye dawa, kwa sababu hapo ndipo mzigo ukikosewa hakuna duka la kurekebisha.

Dawa za mzee zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku. Siku ya kupanda meli masanduku huchukuliwa gatini na huweza kufika chumbani baada ya saa kadhaa. Bebeni za siku 18 pamoja na za siku kumi za ziada, zikiwa kwenye pakiti zake, na nakala ya maandishi ya daktari. Angalieni pia aina ya dawa yenyewe. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe zaidi, na katika joto lenye unyevu anaweza kupungukiwa na maji, akapata kizunguzungu anaposimama ghafla. Mojawapo, haidroklorothiazidi, huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi zaidi, hata ngozi nyeusi. Kama ndiyo anayotumia, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima kwake.

Kwa kigegezi, vidonge vyenye sinarizini hupatikana kwa urahisi kwetu na humezwa takriban saa mbili kabla ya kusafiri. Ukisubiri hadi umeanza kutapika, umechelewa. Prometazini nayo husaidia lakini huleta usingizi mzito, na kwa umri wako ningependa daktari akuone kabla hujaitumia. Tangawizi iliyokaushwa ni nyepesi kubeba na haina ubaya.

Jambo la mwisho ni homa ya manjano. Kwa kuwa mnatoka Kenya, mtaombwa cheti cha chanjo visiwani. Cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo kama mna kadi za zamani zitafuteni. Lakini kama mume wako hajawahi kuchanjwa, msikimbilie chanjo. Kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ni kubwa kuliko kwa kijana, na daktari anapaswa kupima jambo hilo kwanza. Akiona haifai, anaweza kuandika cheti cha msamaha, nanyi muulize mapema, kwa maandishi, kama meli na kila bandari watakikubali.

Malaria ipo Madagaska. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu itawafaa kila kituo, kwani hata Réunion, ambako malaria haiambukizwi, imewahi kupata mlipuko mkubwa wa chikungunya mwaka 2005 na 2006.

Mzanzibari wa Muscat

Mimi na mama watoto tulifanya safari kama hiyo, na kosa letu lilikuwa kubeba nguo nyingi na kusahau kanga. Kanga nne, Mwalimu, hazifiki hata kilo mbili, nazo ni taulo, shuka ya kujifunika kwenye kiyoyozi, mkeka wa kuketi mchangani na kizuizi cha jua dirishani. Kuta za vyumba vingi vya meli ni za chuma, kwa hiyo tulinunua kulabu za sumaku, tukatundika kanga mbichi usiku, na asubuhi zilikuwa kavu kabisa kwa sababu hewa ya kiyoyozi ni kavu. Nguo tuliyoianika kibarazani iliondoka na upepo. Pasi msibebe, hairuhusiwi.

Mwalimu Mstaafu, Mombasa

Nashukuru sana, na nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nimebakiwa na swali moja. Ratiba inasema kwamba Réunion tutapelekwa mlimani, mahali panapoitwa Maïdo. Binti yangu anasema nibebe sweta, mume wangu anaona ni kupoteza uzito, kwa kuwa ni kisiwa cha joto. Nani ana haki?

Baharia wa Zamani, Tanga

Binti yako. Maïdo iko karibu mita 2,200 juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi kama sita. Mkiondoka bandarini kwenye nyuzi 30, juu mtakuta kumi na kitu, tena pana upepo. Mtaondoka alfajiri, kwa sababu mawingu hupanda na kulifunika bonde la Mafate kabla ya adhuhuri, na saa hizo za asubuhi ndizo baridi zaidi. Kisiwa hicho ndicho kinachoshikilia rekodi ya dunia ya mvua ya saa 24: milimita 1,825 zilipimwa Foc-Foc Januari 1966. Hata siku ambayo pwani ya magharibi ni kavu, koti la mvua liwe begani. Sweta hiyo hiyo itakufaa kila usiku kwenye ukumbi wa chakula, ambao hupozwa kupita kiasi.

Mkitaka kuingia baharini Réunion, iwe ndani ya maji tulivu yaliyozingirwa na matumbawe tu; nje yake, isipokuwa sehemu chache zinazolindwa, kumepigwa marufuku tangu 2013 kwa sababu ya papa. Viatu vya mpira vivaliwe hata humo, kwani samaki jiwe hulala mchangani asionekane.

Mama Wawili, Morisi

Naongeza kidogo: kamera na simu zikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi huingia ukungu kwenye kioo mara tu zinapokutana na joto la nje. Ziacheni ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa kabla ya kuzitumia. Nilipoteza picha zote za asubuhi ya kwanza ya mwanangu baharini kwa kutolijua hilo.

Mwalimu Mstaafu, Mombasa

Leo tumefunga mzigo wa majaribio. Langu limefika kilo 17 na la mume wangu kilo 15, sweta mbili zikiwemo, makoti ya mvua, kanga tano na viatu vya mpira vyenye mkanda. Mwavuli nimeutoa. Kadi yangu ya homa ya manjano nimeipata ndani ya kabrasha la mwaka 1998, wino umefifia lakini muhuri unasomeka. Ya mume wangu hatukuiona, na hakumbuki kama aliwahi kuchanjwa, kwa hiyo Alhamisi tunakwenda kwa daktari wake tukiwa na pakiti zote za dawa mkononi. Nitarudi kuwaeleza alichosema.