Kisambo cha Maungu: tuoteshe tuuze, au tukiache mlimani?

Binti_Maungu: Kisambo chetu, ule mmea wa majani kama ya mchikichi, huota chenyewe kwenye misitu ya ukungu ya vilima vya Maungu, pale karibu na Voi. Wataalamu wawili, Faden na Beentje, walikipa jina la kisayansi, Encephalartos kisambo, mwaka 1989 tu. Sasa kinang'olewa, kinaishia kwenye bustani za wenye pesa. Je, vikundi vya wenyeji viruhusiwe kuokota mbegu, kuotesha vitaluni na kuuza miche kwa kibali? Au mlima ufungwe, basi?

Mla_Ugali: Kumbe kale kamchikichi ka kupamba geti la hoteli nako kana mjadala? Nilidhani ni ndovu.

Mdawida_Asilia: Kamchikichi! Hakina undugu na mchikichi wala mnazi. Hata ua hakitoi, kinatoa koni kama msonobari. Ndiyo shida ya watoto wa Nairobi, hawajui kitu na mdomo uko mbele.

Mla_Ugali: Nairobi imeingiaje hapa? Nimezaliwa Mwatate, bibi yangu kazikwa Wundanyi. Uasilia siku hizi unapimwa kwa majani?

Wakili_Bubu: Tulieni, jamani. Encephalartos zote, yaani kisambo na ndugu zake, ziko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kukichimbua porini ukauze nje, hapana. Mche wa kitaluni una njia yake, kwa kibali. Kwa hiyo dada Binti, linawezekana.

Mama_Vitalu: Linawezekana kwenye karatasi. Umewahi kuotesha hata kimoja, Wakili? Mimi ninavyo ndugu zake vya Pwani, Encephalartos hildebrandtii. Dume mbali, jike mbali, na hujui umepata nini mpaka kitoe koni, miaka mingi baadaye. Huko porini kuna mdudu jamii ya fukusi anayebeba chavua. Kwangu hayupo, nachavusha kwa mkono kama mwendawazimu. Kikundi kitakula nini wakati kinangoja?

Binti_Maungu: Lakini mama, mbegu zingetoka mlimani zikiwa tayari. Dume la nini kitaluni?

Mama_Vitalu: Na mlimani kutaota nini, mwanangu, ukishazoa zote?

Mzee_Kobe: Kuna ndugu wa kisambo kule Afrika Kusini, msitu wa Ngoye, sijui 1890 na ngapi. Kilipatikana kimoja tu, dume. Jike halijaonekana porini hadi leo. Kipande chake kiko bustani ya mimea ya Kew, London, na kila kimoja unachokiona duniani ni chipukizi la huyo huyo. Kapera wa zaidi ya miaka mia. Mnataka chetu kifike huko?

Wakili_Bubu: Ni 1895, mzee, na mfano wako unakupinga. Kisingehamishwa na kuoteshwa, leo kisingekuwepo kabisa.

Mzee_Kobe: Vipandikizi si uzazi, kijana. Soma kwanza.

Wakili_Bubu: "Kijana" umeitoa wapi? Nina wajukuu watatu.

Mzee_Kobe: Wajukuu si elimu.

Mla_Ugali: Mimi bado nangoja kuambiwa Mwatate ilihamia Nairobi lini.

Binti_Maungu: Tuseme basi kikundi kichukue nusu ya mbegu, nusu ibaki chini ya mmea mama?

Mama_Vitalu: Nani atahesabu? Tena mbegu zenyewe zina sumu, mbwa wangu mmoja ilimwondoa. Usije ukawatuma watoto kuziokota.

Mdawida_Asilia: Wahesabu wenyeji. Si wateja wa hoteli.

Mla_Ugali: Mteja wa hoteli gani? Mimi ni mlinzi wa geti! Na nikwambie, hivyo viwili vya getini kwetu vililetwa na pikapu, mashina yananifika kifuani. Hivi vitu vinakua polepole, mnasema wenyewe. Hiyo ni miche ya kitalu gani?

Wakili_Bubu: Hapo umegusa. Aliyenunua alionyeshwa kibali?

Mla_Ugali: Mlinzi anaonyeshwa vibali siku hizi?

Binti_Maungu: Kaka, ni hoteli gani?

Mla_Ugali: Ukinilipia karo ya watoto, nakutajia.

Mama_Vitalu: Ndiyo maana nasema, hata tukiotesha elfu, huyo mwenye hoteli hatangoja kamche ka kimo cha kiganja. Anataka shina leo. Mbana yeye kwanza.

Mzee_Kobe: Kwa hiyo wananchi wasiuze?

Mama_Vitalu: Sijasema hivyo.

Mdawida_Asilia: Mtu wa Mwatate, tupigie picha basi, hata ya koni tu tukitambue.

Mla_Ugali: Aah, sasa nimekuwa mtu wa Mwatate?