Stesheni ya chini ya ardhi: jina liuzwe au lisiuzwe?

Mleta hoja: Kuchimba stesheni ni ghali, basi jina liuzwe. Madrid waliuza. Kuanzia 2013 stesheni ya Sol iliitwa Vodafone Sol, na njia namba 2 ikabeba jina la kampuni hiyo ya simu, kwa euro milioni 3. Usanifu haukuguswa. Kilichobadilika ni kibao tu.

Mbunifu wa vibao: Kibao tu? Jina limo jukwaani, kwenye ramani ya kila behewa, katika sauti inayotangaza vituo, kwenye mfumo wa tiketi, hata kwenye michoro ya zimamoto. Mkataba ulipokwisha 2016, jina la zamani likarudi. Wanasiasa nao ni walewale: Moscow, stesheni ya Okhotny Ryad ya 1935 ikapewa jina la Kaganovich, kiongozi wa Kisovieti, 1955, ikarudi 1957, ikawa Prospekt Marksa (Barabara ya Marx) 1961, ikarudi tena 1990. Fundi wa vibao hakosi kazi huko.

Mleta hoja: Majina ya mitaa nayo hupoteza watu. London ina stesheni mbili za Edgware Road, na hazijaunganishwa chini. Anayebadili treni hutoka nje, akatembea barabarani.

Mbunifu wa vibao: Hapo umenishika. Jina lisirudiwe kwenye mtandao mmoja, hata likiwa la mtaa halisi. Ila tazama Mexico City: kila stesheni ina picha yake, ili asiyejua kusoma naye asafiri. Chapultepec ni panzi, kwa kuwa jina lenyewe maana yake ni kilima cha panzi.

Mleta hoja: Nembo ya kampuni nayo imeshachorwa.

Mbunifu wa vibao: Imechorwa, ila haimwambii abiria juu kuna nini.

Mhandisi wa usalama: Mimi nauliza kama litaonekana. Jina lirudiwe ukutani ng'ambo ya reli na jukwaani pia, aliyeketi dirisha lolote alione bila kuinuka. Mkifunga milango mirefu ya kioo jukwaani, fremu zake huziba vibao vilivyo nyuma yake, kwa hiyo jina liandikwe kwenye milango yenyewe, upande unaotazama behewa. Likisahauliwa kwenye michoro, zitabandikwa stika baada ya uzinduzi. Moshi nao hupanda, na vibao vya darini ndivyo hufichwa kwanza. Mishale ya kutokea iwepo pia karibu na sakafu. Stesheni ya King's Cross, London, 1987, moto ulianzia chini ya ngazi za umeme za mbao, wakafa watu 31.

Mleta hoja: Sasa mdhamini apewe nini?

Mhandisi wa usalama: Kuta za vijia na za ngazi za umeme, mbali na mishale. Milango ya kutokea ibaki na herufi na namba kama Tokyo: A3 ni A3, hata kampuni ikifilisika.