Mjadala: Aliyemaliza kifungo akigombea bodi ya AMCOS, kuianika hukumu yake ni kashfa?

Mleta mada (Mtwara)

Wadau wa Kusini, salaam. Kuna jambo linanikereketa na naomba tulijadili kwa hoja, si kwa matusi.

Chukueni mfano huu, maana vijijini kwetu haya yanatokea. Mwanachama anajitokeza kugombea ujumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, yaani AMCOS. Mikorosho yake kaipalilia vizuri, deni hana, kwenye misiba hakosi. Siku mbili kabla ya mkutano mkuu, mtu anarusha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji picha ya ukurasa wa hukumu: mgombea aliwahi kufungwa, miaka mingi iliyopita. Kifungo alikitumikia kikaisha. Hakuna neno la uongo pale. Kura zinamkimbia, watoto wake wanazomewa shuleni, duka lililokuwa likimkopesha salfa ya kupulizia mikorosho linaanza kumdai fedha taslimu. Aliyerusha ile picha kamkashifu, au katimiza wajibu wa mwanachama?

Msimamo wangu nausema mapema: ukweli peke yake usitoshe kumlinda aliyetangaza. Tuulize kosa lile linahusiana nini na kazi anayoomba, na limepita muda gani.

Sisemi tufumbe macho. Sisi mkulima wa korosho hauzi mwenyewe. Anapeleka chamani, zinapimwa, zinaingia ghala kuu, zinauzwa mnadani chini ya vyama vikuu vya ushirika, yaani TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, ndipo malipo yarudi. Tangu mzani hadi malipo, jina lako, kilo zako na akaunti yako viko mikononi mwa watu wachache wa chama. Wakicheza pale, ada na chakula cha kaya vimekwenda. Liwale mwaka 2013 nyumba zilichomwa moto kwa sababu ya ugomvi wa malipo ya korosho. Kwa hiyo mtu aliyefungwa kwa kula fedha za wanachama, wanachama wana haki ya kuambiwa. Lakini aliyefungwa kwa kupigana kilabuni akiwa kijana, hukumu ile inaingiaje kwenye mzani?

Na Kusini tuna jambo letu zaidi. Mei 2013, kwenye vurugu za kupinga bomba la gesi hapa Mtwara, watu wengi walikamatwa. Wapo pia waliokamatwa kwa kangomba, yaani kununua korosho kwa magendo nje ya chama. Leo ukigombea tu hata uenyekiti wa mtaa, utasikia "huyu alikuwa ndani". Ndani kwa lipi? Alihukumiwa au alilala mahabusu akaachiwa? Hakuna anayeuliza. Katiba, Ibara ya 13(6), inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Kumwita mhalifu mtu ambaye hakuwahi kutiwa hatiani ni uongo, na hapo mimi sioni hata mjadala.

Naomba kuwasilisha.

Mkulima, Tandahimba

Mleta mada, unalainisha mambo. Sisi chama chetu kililiwa fedha na kiongozi ambaye baadaye tulikuja kusikia kwamba huko alikotoka aliacha kesi. Waliokuwa wanajua walinyamaza kwa kuogopa kushtakiwa. Nani alilipa kuogopa kwao? Tulilipa sisi, bibi zetu wenye mikorosho kumi walilipa. Wewe unahesabu machozi ya mgombea, ya mwanachama aliyeambiwa kilo zake hazionekani kwenye orodha huyahesabu.

Hukumu inasomwa mahakamani milango ikiwa wazi. Kama hakimu aliisoma mbele za watu, kwa nini mimi niisome kwa kujificha? Asiyetaka historia yake isemwe asigombee. Hakuna aliyemlazimisha.

Wakili, Lindi mjini

Ndugu zangu, niweke sheria mezani maana naona tunaongea kana kwamba haipo.

Mosi, habari ya kufungwa jela kwa kosa la kashfa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilikuwa na vifungu vinavyofanya kashfa kuwa jinai. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria ile, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likaifanyia sheria marekebisho yaliyoiondoa kashfa kwenye jinai. Kilichobaki ni madai: unamshtaki mtu akulipe fidia kwa kulichafua jina lako.

Pili, kwenye madai tunafuata misingi tuliyorithi kwa Waingereza. Aliyetangaza akithibitisha kwamba alichosema ni kweli, kwa kawaida anashinda. Kwa hiyo mleta mada, unachokitaka ni sheria ibadilike, usiwaambie watu kwamba ndivyo ilivyo leo. Ila wazo lako si geni. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, upande wake wa jinai, haikuridhika na ukweli peke yake. Ilitaka jambo liwe kweli na kutangazwa kwake kuwe na manufaa kwa umma. Na Waingereza wenyewe walitunga sheria mwaka 1974 ya kuwasaidia waliokosa warejee kwenye maisha: muda uliowekwa ukipita bila kosa jipya, hukumu inahesabiwa imekwisha, na mtu akiitangaza kwa nia ovu, ukweli haumwokoi. Vifungo virefu sana havikuingizwa humo.

Tatu, faragha. Ibara ya 16 ya Katiba inailinda, Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, na kesi za namna hii zinasimama katikati ya hizo mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeziweka taarifa za makosa ya jinai katika taarifa nyeti. Lakini sheria ile inawalenga zaidi wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, kwa hiyo msidhani kila ujumbe wa WhatsApp umeingia humo moja kwa moja.

Ndugu yangu wa Tandahimba, jambo moja nikuulize. Hukumu uliyoiona wewe ilikuwa ya mahakama ipi? Mtu anahukumiwa Mahakama ya Wilaya, anakata rufaa Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, hukumu inatenguliwa, anatoka. Picha inayozunguka kijijini ni ya ile ya kwanza. Ukitangaza kwamba fulani ni mwizi aliyehukumiwa, na hukumu ilishafutwa, umetangaza uongo wenye mhuri wa mahakama. Hapo utalipa, na sitakuonea huruma.

Mkulima, Tandahimba

Hilo la rufaa nakubali. La kunyamaza sikubali.

Mama wa watoto wanne, Masasi

Shikamooni wakubwa. Mimi sheria siijui, nasema la nyumbani kwangu. Mwanangu alifungwa, akatoka kwa msamaha wa Rais sikukuu ya Uhuru. Alirudi amekonda, akaomba radhi kwa aliyemkosea mbele ya wazee, akaanza kulima ufuta. Kila akitaka kusimama anaangushwa na maneno. Alitaka kuoa, wakwe wakapelekewa habari. Alitaka kuingia kikundi cha bodaboda, hivyo hivyo. Wanaosema ni wale wale waliomwona akiomba radhi.

Baba wa Tandahimba, uchungu wa chama chako naujua maana korosho ni zangu pia. Lakini mwanangu hakugombea chochote. Unaposema hukumu isomwe popote, unamsoma na yeye.

Kijana, Mikindani

Pole sana mama. Ila tuwe wakweli, hii vita imeshaisha. Hukumu ziko mtandaoni, kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, na majina ya watu. Unaandika jina unasoma. Utamkataza vipi mtu kutuma kitu ambacho Mahakama yenyewe imekiweka wazi?

Mleta mada (Mtwara)

Kijana wa Mikindani, hukumu kuwekwa wazi kuna sababu yake. Mawakili wajifunze, wananchi waone mahakimu wanaamuaje, mahakama isifanye kazi gizani. Mimi nautaka uwazi ule na ningeutetea. Anayekwenda kutafuta jina la jirani yake, akakata ukurasa mmoja, akaurusha usiku wa kuamkia kupiga kura, hatafuti kujua mahakimu wanaamuaje.

Wenzetu wameshapita hapa. Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuidai Google iondoe habari zilizopitwa na wakati kwenye matokeo yanayotokea jina lake likitafutwa. Mwaka 2018 wafanyabiashara wawili waliowahi kufungwa, majina yao yakifichwa na mahakama, walikwenda Mahakama Kuu London na madai ya namna hiyo. Mmoja alishinda, mwingine alishindwa. Aliyeshinda alikuwa amejutia, na kosa lake la zamani halikuwa na uzito kwenye shughuli zake za sasa. Aliyeshindwa alihukumiwa kwa udanganyifu wa hesabu, bado alikuwa kwenye biashara, na jaji hakuona kwake majuto. Kwa hiyo si kwamba jambo hili halipimiki. Linapimika, na vigezo vyake hata mkutano wa kijiji unavielewa.

Mama wa Masasi, mimi naona mwanao ana haki ya kuachwa. Hashiki fedha ya mtu, haombi kura. Anayewapelekea wakwe zake habari ningetamani sheria imguse hata kama kila neno lake ni kweli. Na hili nalisema nikijua kwamba wengi humu hawatakubaliana nami.

Kwa wagombea, pendekezo langu ni hili. Fomu ya kugombea iwe na sehemu ya mgombea kutamka mwenyewe kama aliwahi kutiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au rushwa, na rufaa iliishaje. Isomwe kwenye mkutano mkuu yeye akiwepo, aulizwe, ajibu. Akificha, aenguliwe. Makosa mengine yasiulizwe. Kuhusu muda, Katiba yenyewe, Ibara ya 67(2), inamzuia kugombea ubunge aliyetumikia kifungo kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Kama miaka mitano inatosha kwa bungeni Dodoma, itoshe na kwa AMCOS.

Wakili, Lindi mjini

Kutamkwa mkutanoni, mbele ya wanachama wenye maslahi, bila nia ovu, hata sheria ya sasa inakupa kinga ya kiasi. Kurusha kwenye kundi lenye watu wa kila namna ni habari nyingine kabisa. Fomu naiunga mkono.

Mkulima, Tandahimba

Fomu sawa. Kusomwa mkutanoni sawa, na wanangu nitawakataza kurusha picha. Lakini miaka mitano naikataa. Mbunge hashiki daftari la kilo zangu. Aliyekula fedha za wakulima asitamke kwa miaka mitano tu, atamke kila anapogombea mpaka anazeeka. Mama wa Masasi, mwanao simo kwenye habari zake, na nikimkuta mnadani nitamsalimia.